Wasomaji Wanauliza: Prosecco, zabibu ya Glera, na chakula cha kuandamana nayo

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia mvinyo mmoja: Prosecco, ule mweupe wenye viputo unaotoka kaskazini-mashariki mwa Italia. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

*Nilinunua chupa mbili dukani, moja imeandikwa Brut na nyingine Extra Dry. Mume wangu hapendi utamu, nikamwekea ile Extra Dry. Akaniambia ni tamu kuliko yangu. Nimeuziwa bandia?*
Msomaji, Nairobi

Hujauziwa bandia, mama. Lebo imesema kweli, ila imesema kwa msamiati wa zamani wa wafanyabiashara wa mvinyo, ambao umewakosesha wanunuzi wengi. Kwenye mvinyo wa viputo, Brut ndiyo kavu. Extra Dry inaizidi kwa sukari, na Dry inazizidi zote mbili. Sheria ya Umoja wa Ulaya inapanga hivi, kwa gramu za sukari ndani ya lita moja: Brut Nature haifiki 3, Extra Brut ni 0 hadi 6, Brut haifiki 12, Extra Dry ni 12 hadi 17, Dry ni 17 hadi 32, na Demi-Sec ni 32 hadi 50.

Usiogope hizo namba. Soda ya kawaida ina gramu 100 hivi kwa lita, kwa hiyo hata Dry haifiki theluthi ya hapo. Isitoshe, uchachu wa mvinyo na ile gesi hufunika sehemu ya utamu. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa Brut yenye gramu 10 akaapa kwamba haina sukari hata chembe.

Extra Dry ndiyo mtindo uliozoeleka wa Prosecco tangu zamani, na chupa nyingi za bei ya kawaida ni za aina hiyo. Mara nyingine neno lenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya lebo ya mbele, au limefichwa nyuma kabisa. Litafute kabla ya kulipa. Mume wako mnunulie Brut, na akiikuta bado tamu, Extra Brut au Brut Nature. Kisha mpe ikiwa baridi kweli, nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Mvinyo ukipata joto utamu hujitokeza mbele, na chupa ileile aliyoisifu jana ataikataa leo.

*Rafiki aliniletea chupa ya viputo imeandikwa "Glera", haina neno Prosecco popote. Ni kitu kilekile?*
Msomaji, Kampala

Zabibu ni ileile. Kama mvinyo wenyewe ni uleule, hiyo inategemea shamba liko wapi.

Hadi mwaka 2009 zabibu yenyewe ndiyo iliyoitwa Prosecco, na mtu yeyote aliyeipanda, popote duniani, aliweza kuliandika jina hilo kwenye chupa. Mwaka huo Waitalia walibadilisha utaratibu. Zabibu ikarudishiwa jina lake jingine la zamani, Glera, na Prosecco likabaki jina la eneo: mikoa midogo tisa ya Veneto na Friuli Venezia Giulia. Ndani ya eneo hilo kimo kijiji kiitwacho Prosecco, pembeni mwa mji wa Trieste, na kijiji hicho ndicho kilichotumika kulitetea jina kisheria. Glera hulimwa pia Slovenia, Brazil na Australia, hivyo chupa yako inaweza kuwa ya huko na ikawa nzuri tu. Hata Italia kwenyewe, mkulima aliye nje ya mipaka hiyo hana ruhusa ya kuandika Prosecco.

Prosecco halisi lazima iwe na Glera asilimia 85 au zaidi. Asilimia 15 inayobaki inaweza kuwa Verdiso, Bianchetta Trevigiana, Perera, Chardonnay, Pinot Bianco, Pinot Grigio, au Pinot Nero iliyokamuliwa bila maganda. Ile ya rangi ya waridi iliruhusiwa mwaka 2020, na humo Pinot Nero ni asilimia 10 hadi 15.

Sasa mzabibu wenyewe. Glera ni mti wenye nguvu, hukimbilia kutoa majani na matawi. Macho yaliyo karibu na shina hayazai sana, kwa hiyo mkulima huacha tawi refu na kulipinda kuelekea chini. Vishada ni virefu, vimelegea, na mara nyingi vina "mabega" mawili juu; tunda likiiva huwa la rangi ya dhahabu. Huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, mavuno yakiwa Septemba. Maana yake baridi kali ya masika inaweza kuunguza machipukizi, na kiangazi kikiwa kikavu mno tunda hudumaa. Ukungu nao huipenda.

Tunda lake halina harufu kali kama ya zabibu iitwayo Muscat. Lina pea mbichi, tufaha la kijani, pichi kidogo, na maua meupe. Harufu hizi ni nyepesi na hazidumu, na karibu kila jambo tutakalosema hapa chini, kuanzia utengenezaji hadi namna ya kutunza chupa, linatokana na hilo.

Kwa mwenye kutaka kununua bora zaidi: maneno Conegliano Valdobbiadene au Asolo kwenye lebo, pamoja na herufi DOCG (daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia wenye jina la eneo), yana maana ya vilima na si tambarare. Tambarare za DOC, daraja lililo chini ya hilo, zinaruhusiwa kuvuna hadi tani 18 kwa hekta. Vilimani kwa Conegliano Valdobbiadene ni tani 13.5. Ukiona neno Rive, ni miteremko mikali iliyotajwa kwa majina, 43 kwa jumla, inayovunwa kwa mkono. Juu kabisa ni Cartizze, kilima cha hekta 107 hivi chenye kikomo cha tani 12, na bei yake si ya mzaha. Cartizze kwa desturi ni Dry, yaani ina utamu; usiinunue kwa ajili ya chaza halafu ukatulaumu. Vilima hivyo vya Conegliano na Valdobbiadene viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2019.

Na wale watatu mliouliza kuhusu Prosecco ya kopo na ya bomba: hakuna. Kanuni zinataka chupa ya kioo. Shingoni au juu ya kizibo chupa huwa na utepe wa serikali ya Italia wenye namba zake. Usipouona, kuwa na shaka.

*Kwa nini shampeni ni ghali mara tatu na vyote ni viputo?*
Msomaji, Arusha

Kwa sababu ya mahali viputo vinapozaliwa, na muda unaotumika.

Vyote viwili huchachushwa mara mbili. Ya kwanza hutoa mvinyo mtulivu, mkali wa uchachu, wenye pombe ndogo. Ya pili huongezewa sukari na hamira katika chombo kilichofungwa, gesi ikakosa pa kutokea, ikayeyuka ndani ya mvinyo. Kila gramu 4 za sukari kwa lita huongeza mgandamizo wa bar 1 hivi.

Shampeni hufanya kazi hiyo ndani ya chupa moja moja, kisha chupa hulazwa. Isiyo ya mwaka maalumu, yaani isiyotaja mwaka wa mavuno kwenye lebo, hukaa pishini miezi 15 kwa uchache, na ya mwaka maalumu miaka 3. Muda mwingi hamira iliyokufa imo humo humo, ikiupa mvinyo ladha ya mkate na njugu. Prosecco huchachushwa kwenye tangi kubwa la chuma lenye kuhimili mgandamizo. Njia hii ilibuniwa na Mwitalia Federico Martinotti mwaka 1895, na Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha mwaka 1907. Humo tangini kanuni inataka siku 30 tu kwa uchache. Mgandamizo ukifikia kiasi kinachotakiwa, tangi hupozwa hadi chini ya sifuri, hamira hulala, mvinyo huchujwa na kujazwa kwenye chupa bila kupoteza gesi.

Ni rahisi zaidi, ndiyo, ila si njia ya mkato kwa maana mbaya. Glera ikikaa miezi 15 na hamira, ile pea na maua hufa, na ladha ya mkate haiji kwa uzuri uleule wa Chardonnay. Tangi ndilo linaloifaa. Kuinunua Prosecco ukitarajia shampeni ya bei nafuu ni kujitafutia lawama.

*Hotelini kwetu chupa tatu kati ya kumi humwagika zikifunguliwa. Mgeni analowa, meneja ananuna. Tunakosea wapi?*
Mhudumu wa hoteli, Nungwi

Mna makosa matatu yanayowezekana, na kwa kawaida huja pamoja.

La kwanza ni joto. Prosecco ya spumante, yaani ile yenye viputo kamili, iliyo na bar 5 kwenye nyuzi 20 ina zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Ipoze hadi nyuzi 7, gesi huyeyuka zaidi ndani ya mvinyo na mgandamizo hushuka hadi bar 3 na kidogo. Iache stoo ya pwani kwenye nyuzi 30, unapanda na kupita 6. Friji ya baa inayofunguliwa kila dakika haipozi chupa kwa saa moja. Ipe saa 3 hadi 4. Kwa haraka, tumia ndoo yenye maji na barafu nusu kwa nusu: dakika 20 hadi 30. Barafu tupu bila maji huchelewa, kwa kuwa vipande hugusa chupa hapa na pale tu. Konzi ya chumvi ndani ya maji huharakisha.

La pili ni shingo. Ndoo nyingi za mezani ni fupi. Tumbo la chupa limepoa ila shingo imekaa hewani na joto lake. Mvinyo wa juu ndio unaotoka kwanza, nao ni wa moto, ndiyo unaofyatuka. Tumieni ndoo ndefu, maji yafike shingoni.

La tatu ni mtikisiko. Chupa iliyotoka bandarini kwenye gari na kupita barabara ya matuta ipumzike usiku mzima kabla ya kufunguliwa. Na ile ya kutolewa stoo ikikimbizwa ngazini, mnajua wenyewe.

Kufungua kwenyewe: bandua karatasi ya juu. Shika kizibo kwa kidole gumba, kisha kizungushe kipete cha waya nusu mzunguko mara 6. Waya ulegee lakini usiutoe, na gumba lisiondoke hapo tena. Inamisha chupa nyuzi 45, mdomo uelekee pasipo na mtu wala taa. Shika kizibo imara kwa mkono mmoja na uzungushe chupa kutoka chini kwa mkono mwingine. Chupa ndiyo inayozunguka. Utasikia kizibo kinasukuma: hapo kizuie badala ya kukivuta, ukiinamishe kidogo pembeni ili gesi itoke kwa mfoko mdogo. Ikishatoka, iache chupa imeinama hivyo hivyo kwa kuhesabu hadi tano. Mlango wa gesi unakuwa mpana na povu halipandi.

Mimina kidole kimoja kwenye kila glasi, zunguka meza nzima, kisha rudi ujaze hadi theluthi mbili. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 6 za mililita 125.

Friza tusiisikie. Mvinyo wa asilimia 11 huganda kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, na friza iko kwenye 18 chini. Mkiisahau, kizibo kitasukumwa nje au chupa itapasuka.

(Msomaji mwingine, wa Nairobi, ameuliza kama miinuko inachangia. Ndiyo, ila kidogo: hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa chini ya bar 0.2. Joto la chupa lina uzito mkubwa kuliko hapo.)

*Mbona viputo vinakufa dakika mbili tu baada ya kumimina?*
Msomaji, Mwanza

Sabuni, tunaweka dau. Utando mwembamba wa sabuni ya vyombo, au wa dawa ya kung'arisha inayowekwa kwenye mashine, huua povu. Mafuta ya bajia kwenye midomo nayo hufanya hivyo, na rangi ya mdomo. Suuza kwa maji ya moto mengi, glasi zikauke zikiwa zimeinamishwa, kisha zifute kwa kitambaa cha pamba. Nyuzi ndogo za pamba zisizoonekana ndizo vituo ambamo viputo huanzia; glasi isiyo na chembe kabisa hutoa viputo vichache. Zile glasi nyembamba ndefu ni nzuri kwa picha. Kwa harufu ya Glera, chukua yenye tumbo kidogo na mdomo uliobana, kama ya mvinyo mweupe.

*Ninapanga orodha ya vitafunio na chakula cha jioni kwa wageni 30, vyakula vya kwetu pwani. Nimeambiwa Prosecco inakubaliana na kila kitu. Kweli?*
Mpishi, Diani

Si kweli, na aliyekuambia huenda anaiuza. Inakubaliana na vingi, na vingine inaviharibu.

Anza na kikaango. Bajia, viazi karai, sambusa, kamba na ngisi wa kukaanga: hapo Brut ndipo nyumbani kwake. Uchachu na gesi husafisha mafuta ulimini na kukurudishia hamu ya tonge la pili. Kwao Venice huinywa na vitu vya namna hiyo: dagaa waliokaangwa wakalazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu, rojo nzito ya samaki mkavu aliyepondwa na mafuta ya zeituni juu ya kipande cha ugali wa mahindi uliochomwa, vipande vyembamba vya paja la nguruwe la San Daniele, jibini ya Asiago changa. Utaona mambo yanayojirudia: chumvi, mafuta, na hakuna kinachotawala. Kaanga ya moto itolewe mara moja. Sambusa iliyopoa na kulowa haina mvinyo wa kuiokoa.

Nazi inabadilisha hesabu. Samaki wa kupaka na pweza wa nazi vina utamu wao wa asili, na Brut mbele yake huonekana chungu na nyembamba. Weka Extra Dry. Ukwaju ukiwa humo, vivyo hivyo.

Pilipili ndiyo inayohitaji uangalifu. Gesi huchoma ulimi ulio tayari na pilipili, na pombe huongeza moto. Prosecco ina bahati ya kuwa na pombe ndogo, asilimia 11 hivi, na sukari ya Extra Dry au Dry hupoza. Kwa hiyo biriani isiyo kali pamoja na Dry ni sawa kabisa, na pilau pamoja na Extra Dry ni sawa zaidi. Kwa pilipili mbuzi ya kutoa machozi, wape maji ya madafu.

Ndimu uiwekee mkono mwepesi. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo huonekana umepooza. Kachumbari ya kawaida haina shida ikiwa na Brut. Ile iliyoogeshwa ndimu huua. Chaza mbichi wape Brut Nature, na ndimu matone mawili, si nusu nzima.

Nyama choma: mbavu za mbuzi zenye mafuta na chumvi zinaweza kupita na Brut, hasa wageni wakiwa wamesimama na bado mchana. Ng'ombe aliyekolea moshi anataka mvinyo mwekundu, au bia. Hatutabishana.

Kwenye tamutamu ndipo wengi wanapoanguka, na keki ya harusi ndiyo kosa linaloongoza. Kanuni ni moja: mvinyo uwe mtamu kuliko chakula. Brut pamoja na keki yenye sukari ya kumwagia huwa kama maji ya ndimu. Dry au Demi-Sec huendana na keki isiyo na krimu nyingi, na embe, nanasi, vitumbua. Kaimati na visheti vyenye shira vinaishinda hata Demi-Sec. Hapo tafuta Moscato d'Asti, ya Italia pia, tamu kweli na yenye pombe asilimia 5 hivi. Chokoleti nyeusi iache peke yake.

Kwa wageni 30, vitafunio na chakula: hesabu glasi 3 kila mmoja, yaani glasi 90, chupa 15. Gawanya Brut 7 za vitafunio, Extra Dry 6 za chakula, Dry 2 za mwisho, uongeze 2 za akiba za aina yoyote.

*Chupa yangu ina masimbi chini na kizibo kimefungwa kamba badala ya waya. Imeharibika?*
Msomaji, Hamburg

Haijaharibika. Hiyo ni aina ya zamani, iliyochachushwa mara ya pili ndani ya chupa na kuachiwa hamira yake chini. Waitalia huiita col fondo, na siku hizi lebo nyingine huandika sui lieviti. Ni kavu kabisa na ina harufu ya unga na ganda la mkate. Isimamishe saa kadhaa na umimine polepole ukitaka iliyotulia, au ipindue taratibu mara moja ukitaka ya ukungu. Kamba ni ya frizzante, yenye viputo vichache: bar 1 hadi 2.5, wakati spumante huanzia 3. Mgandamizo huo hauhitaji waya.

*Tuna Prosecco tuliyoletewa mtoto alipozaliwa, ana miaka minane. Tunaihifadhi mpaka harusi yake.*
Baba na Mama, Morogoro

Ifungueni leo. Mtoto haozwi bado na mvinyo hausubiri.

Prosecco ya kawaida inywewe ndani ya mwaka mmoja hadi miwili baada ya kununuliwa. Ya Rive yenye mwaka kwenye lebo huweza kusogea kidogo zaidi. Yenu haitawadhuru. Itakuwa imekuwa ya njano, viputo vimepungua, na pea imegeuka tufaha lililokatwa na kuachwa mezani.

Zinazofuata zihifadhini gizani, kwenye nyuzi 10 hadi 15, au sehemu yenye baridi kuliko zote nyumbani. Si juu ya friji, ambako kuna joto na mtetemo. Na kuhusu giza hatutanii: mwanga hufanya mvinyo mweupe wa viputo unuke kabichi iliyochemka, na chupa ya kioo kisicho na rangi huharibika upesi zaidi. Dukani msichukue iliyosimama dirishani. Harufu ya boksi lililolowa ni tatizo jingine, la kizibo, na hiyo rudisheni mlikonunua.

*Kijiko cha fedha shingoni kinazuia gesi isitoke?*
Msomaji, Lubumbashi

Hakizuii chochote. Kinachosaidia ni baridi, ambayo hushikilia gesi ndani ya mvinyo. Nunua kizibo cha chuma chenye mbawa mbili za kubana chini ya ukingo wa shingo, rudisha chupa kwenye friji, uimalize kesho au keshokutwa. Chupa iliyobaki robo hupoteza gesi haraka kuliko iliyobaki robo tatu. Kizibo chake cha awali usihangaike nacho, kimeshatanuka.

*Spritz na Bellini kwa watu 40, na pichi hapa hazipatikani.*
Mwandalizi wa sherehe, Dar es Salaam

Spritz kwa glasi moja: mililita 90 za Prosecco, 60 za Aperol (kileo chekundu-chungwa cha Italia, chenye uchungu kidogo), na 30 za maji ya soda. Jaza glasi barafu kwanza, mimina Prosecco, kisha Aperol, mwisho maji; koroga mara moja tu. Ukianza na Aperol, hukaa chini na utalazimika kukoroga hadi gesi iishe. Kwa glasi 2 kila mtu, jumla 80: Prosecco lita 7.2, sawa na chupa 10; nunua 12. Aperol chupa 7 za mililita 700. Maji ya soda lita 3. Barafu kilo 16, na kwa Dar mwezi wa Februari ongeza nusu yake. Vipande viwe vikubwa. Vile vidogo vya kusagwa vitaufanya mvinyo kuwa maji.

Bellini ilianzia Harry's Bar ya Venice, kwa Giuseppe Cipriani: mililita 100 za Prosecco kwa 50 za rojo ya pichi nyeupe. Embe hufaa, ingawa matokeo ni kinywaji kingine chenye rangi nzito. Dodo lina nyuzi, kwa hiyo saga na uchuje kwenye chujio cha chai. Kwa kila nusu lita ya rojo tia vijiko vikubwa 2 vya maji ya ndimu, uipoze kabisa. Tumia Brut, sukari ya embe inatosha. Rojo itangulie, kisha mimina mvinyo kidogo kidogo. Rojo nene hufanya povu lipande ghafla. Nusu lita hutoa glasi 10 na inahitaji lita moja ya Prosecco.

*Nimeona "Prosecco isiyo na kilevi". Mimi Mwislamu, naweza kuwawekea wageni wangu?*
Msomaji, Muscat

Kwanza, kisheria haiwezi kuwa Prosecco, kwa sababu Prosecco ya spumante lazima ifike asilimia 11 ya pombe. Muuzaji ndiye anayeiita hivyo.

Pili, chini ya jina hilo kuna vitu viwili tofauti. Kimoja kilikuwa mvinyo kamili, kikaondolewa pombe, na kinaweza kubaki na hadi asilimia 0.5. Kingine ni juisi ya zabibu iliyotiwa gesi, haikuchachushwa kamwe. Soma viambato: ukikuta "mvinyo ulioondolewa pombe", ni kile cha kwanza, hata kama mbele imeandikwa 0.0. Hukumu yake ya kidini muulize mwanachuoni unayemwamini.

Ukitaka kinywaji cha sherehe kisicho na maswali, changanya mwenyewe: mililita 600 za juisi ya zabibu nyeupe, 400 za maji ya soda, na kijiko kikubwa kimoja na nusu cha maji ya ndimu. Juisi peke yake ni tamu mno. Maji na ndimu huishusha. Vyote viwe baridi kabla ya kuchanganywa, na maji ya soda yaingie mwisho.

*Sisi wakulima wa Dodoma tunaweza kupanda Glera?*
Msomaji, Dodoma

Kupanda mtaweza, ila hatuoni faida. Glera imezoea majira yenye baridi ya kuulaza mti, kisha kuiva polepole mwishoni mwa kiangazi cha vilimani. Dodoma mzabibu haulali, mnavuna mara mbili kwa mwaka, na joto linakula uchachu, ambao ndio uti wa mgongo wa mvinyo wa viputo.

Mnayo tayari Chenin Blanc, na hiyo haipotezi uchachu upesi kwenye joto. Wafaransa wa bonde la Loire huifanyia mvinyo wa viputo, na Waafrika Kusini pia. Kwa kazi hiyo ichumeni mapema, sukari ikiwa ya kutoa pombe asilimia 9 au 10 tu, alfajiri kabla ya jua, na ikamuliwe siku hiyohiyo. Ikichumwa kwa kipimo cha mvinyo wa kawaida, uchachushaji wa pili utaongeza pombe nyingine asilimia moja na zaidi, na kinywaji kitakuwa kizito. Gharama kubwa itakuwa tangi la mgandamizo. Kikundi kidogo kianze na njia ya chupa, kwa chupa nene zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Za mvinyo wa kawaida msizijaribu, zitalipuka.